Meza Iliyolisha Zaidi ya Tumbo

Ndugu msomaji, mgeni anapowasili katika mji asioujua, wenyeji humwonyesha kwanza majumba makubwa, sanamu za mashujaa na maduka ya fahari. Hayo ni mambo mema kuyaona. Lakini mwenye kutaka kuujua mji kwa undani hana budi kuuliza swali jingine: watu wa kazi hapa hula wapi, na ni nani anayeruhusiwa kuketi mezani? Jibu la swali hilo litamweleza mambo ambayo sanamu za shaba haziyasemi.

Leo twende pamoja hadi New Orleans, mji wa bandari ulioko kusini mwa Marekani, katika jimbo la Louisiana, pale ambapo mto Mississippi unakaribia kumwaga maji yake baharini. Dunia nzima inaujua mji huu kwa muziki wa jazi. Sisi tutaisikia tarumbeta njiani, ila safari yetu itafuata harufu ya chungu. Tutaingia katika hoteli mbili za chakula na kuona jinsi watu waliopika, waliopanga meza na waliouza vinywaji walivyokuwa pia wanamuziki, wapenzi wa sanaa na wapigania haki. Na jinsi nyumba walimofanya kazi zilivyorudisha kwa jirani zao kile zilichokipata kutoka kwao.

WALIOUZA VITUMBUA WAKANUNUA UHURU

Wafaransa ndio walioanzisha mji huu mwaka 1718. Baadaye ukawa chini ya Wahispania, na mwaka 1803 Marekani ikaununua kutoka kwa Ufaransa pamoja na nchi kubwa ya Louisiana. Lakini mikono iliyojenga kingo za kuzuia mto, iliyofyeka misitu na iliyopika katika nyumba za matajiri ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mikono ya Waafrika walioletwa utumwani.

Waafrika hao hawakuja mikono mitupu. Chakula kinachoutambulisha mji huu huitwa gumbo. Ni mchuzi mzito unaoliwa kwa wali. Mpishi hukaanga unga wa ngano katika mafuta, akiukoroga bila kupumzika hadi ugeuke rangi ya kahawia. Kisha hutia vitunguu, pilipili hoho na viungo, na baada ya hapo kamba, kaa, kuku au soseji, kadiri ya mfuko wake. Wengi hutia pia bamia. Na hapo, ndugu msomaji, sikio la Mswahili litashtuka kidogo: neno lenyewe gumbo wataalamu wa lugha hulihusisha na lugha za Kibantu za Angola, ambako bamia huitwa kwa majina yanayokaribiana na kingombo. Hata kiambishi ki- tunakitambua, kama mtu anavyomtambua ndugu yake wa mbali kwa umbo la pua.

Zamani hizo akina mama weusi walitembea katika mitaa ya New Orleans wakinadi andazi la mchele liitwalo cala, ambalo mtu wa pwani yetu angelifananisha mara moja na kitumbua. Wakati wa utawala wa Wahispania sheria ilimruhusu mtumwa kujinunua mwenyewe iwapo angeweza kukusanya thamani yake. Miongoni mwa waliojikomboa walikuwamo akina mama waliouza maandazi hayo, wakiweka senti juu ya senti. Basi katika mji huu uhusiano kati ya sahani ya chakula na uhuru wa mtu ni wa kale kuliko taifa la Marekani lenyewe.

NJIA YA KWENDA MTAA WA TREMÉ

Ukitoka katika sehemu ya kale ya mji iitwayo French Quarter, yenye roshani za chuma zilizofumwa kama kazi ya sindano, vuka barabara ya Rampart. Hapo utakuta uwanja uitwao Congo Square. Mwaka 1817 watawala wa mji waliamuru kwamba watumwa wasikusanyike kucheza ila siku ya Jumapili, na mahali pamoja tu patakapoteuliwa na meya. Mahali penyewe ndipo hapo. Kila Jumapili ngoma zililia, watu wakacheza kwa makabila yao, na biashara ndogondogo za vyakula zikafanyika. Wenye kuichunguza historia ya jazi aghalabu huanzia katika uwanja huu.

Nyuma ya uwanja huo ndipo ulipo mtaa wa Tremé, mmojawapo wa mitaa mikongwe kabisa ya watu weusi nchini Marekani. Fuata barabara ya Orleans. Baada ya mwendo mfupi utapita chini ya barabara kuu ya magari iliyoinuliwa juu ya nguzo nene za zege. Usipite haraka. Hapo ni Claiborne, ambako zamani palikuwa na safu ndefu za mialoni mikubwa, na chini ya vivuli vyake familia zilipumzika, watoto wakacheza, na maduka ya watu weusi yakastawi kandokando. Mwaka 1966 miti ilikatwa ili kupisha barabara hiyo. Watu hawakuulizwa. Jirani za hapo wamewahi kuzichora nguzo hizo picha za miti na za mashujaa wao, ili watoto wajue kilichokuwapo.

Ukishatoka chini ya kivuli hicho cha zege, endelea hadi kona ya barabara ya Orleans na ile ya Miro. Hapo pana jengo la matofali, na juu yake jina Dooky Chase's. Tumefika.

KONA YA MIKATE, BAHATI NASIBU NA HUNDI

Nyumba hii ilianza mwaka 1941 kama kiduka cha mikate ya kujazwa nyama na samaki, na palipouzwa tiketi za bahati nasibu. Waanzilishi walikuwa Mzee Edgar Chase, ambaye watu walimwita Dooky, na mkewe Emily. Kidogo kidogo kiduka kikawa baa na hoteli.

Tafakari hali ya siku hizo. Ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria. Mtu mweusi aliweza kupika katika hoteli za fahari za French Quarter, aliweza kuosha sahani zake na kupanga meza zake, lakini kuketi katika meza hizo hakuruhusiwa. Katika mitaa ya watu weusi hapakuwa na benki zao. Mfanyakazi aliyelipwa kwa hundi siku ya Ijumaa alikuwa na karatasi mkononi na njaa tumboni. Ndipo hoteli ya akina Chase ikafanya jambo ambalo halimo katika kazi ya mpishi: ikabadilisha hundi hizo kuwa fedha taslimu. Mfanyakazi alifika Ijumaa jioni, akapata fedha yake, akanywa kinywaji, akanunua mkate wa kupeleka nyumbani. Biashara ilipata faida, naam. Lakini mtaa nao ulipata benki.

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza la safari yetu. Msaada wa hoteli kwa jirani zake si lazima uwe sadaka ya masalio ya jana. Waweza kuwa huduma ambayo wenye nguvu wamekataa kuwapa watu, na ambayo mwenye hoteli, kwa kuwa anaishi nao, anaiona haja yake.

MTARUMBETA NA MENEJA WA MABONDIA

Mtoto wa mzee huyo, naye akiitwa Edgar na naye akijulikana kwa jina la Dooky, hakuota ndoto za sufuria. Alipiga tarumbeta, na alipokuwa kijana aliongoza bendi kubwa iliyokuwa yake mwenyewe. Mwaka 1946 alimwoa msichana aitwaye Leah Lange, na huyo ndiye ambaye mji mzima ungekuja kumwita malkia wa mapishi ya Kikrioli.

Leah alizaliwa tarehe 6 Januari, 1923, akakulia Madisonville, mji mdogo ulioko ng'ambo ya ziwa Pontchartrain, katika familia yenye watoto wengi. Kwao hapakuwa na shule ya sekondari ya Kikatoliki kwa watoto weusi, hivyo alipelekwa New Orleans kusoma. Alipokuwa msichana mkubwa alipata kazi ya kuhudumia meza katika hoteli moja ya French Quarter iliyopokea Wazungu tu. Huko alijifunza jinsi meza inavyotandikwa, jinsi sahani inavyoletwa na jinsi mgeni anavyopokelewa. Alijifunza adabu zote za meza ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuikalia.

Msidhani kwamba maisha yake yaliishia katika kubeba sinia. Msichana huyu aliwahi pia kuwa meneja wa mabondia wawili wa ridhaa, na aliandika matokeo ubaoni kwa wachezaji wa kamari ya mbio za farasi, kazi ambayo wanawake hawakuzoea kuifanya. Alikuwa mtu wa kutaka kujua kila jambo.

Alipoingia katika hoteli ya wakwe zake alikuja na mawazo makubwa. Alitaka vitambaa vyeupe mezani na vyakula kama vile alivyovihudumia kwa Wazungu. Wateja wakamshangaa. Kamba wa baridi katika bilauri, na kamba-koche wa kupikwa kwa krimu, hawakuwa chakula chao. Leah akajifunza kutoka kwao. Akaacha kuiga, akarudi katika gumbo, kuku wa kukaanga, maharage mekundu na wali. Ila vitambaa vya meza alivitandika, na heshima ya mgeni hakuipunguza hata kidogo. Chakula cha nyumbani katika meza ya fahari: hilo ndilo walilokuwa wamenyimwa watu weusi wa mji huo, na hilo ndilo alilowapa.

Mapenzi yake makubwa yalikuwa ni picha za kuchorwa. Alisomeshwa sanaa shuleni, lakini majumba ya makumbusho yalikuwa yamefungwa kwa watu wa rangi yake. Alikuwa na umri wa miaka 54 alipoingia kwa mara ya kwanza katika jumba la sanaa. Fikiri, ndugu msomaji: miaka 54! Mwingine angesema umri umekwisha. Leah akaanza kukusanya kazi za wachoraji weusi wa Marekani, miongoni mwao Jacob Lawrence na Elizabeth Catlett, akazitundika katika kuta za hoteli. Hatimaye akawa mjumbe wa bodi ya Jumba la Sanaa la New Orleans. Hivyo fundi mwashi au dereva wa basi, ambaye pengine asingepanda ngazi za jumba la sanaa maishani mwake, alikula maharage yake huku akitazama kazi za wasanii wakubwa wa taifa lake.

CHUMBA CHA JUU

Sasa tupande ghorofani. Katika miaka ya 1950 na 1960, chumba cha juu cha hoteli hii kilikuwa mahali pa mikutano iliyovunja sheria. Weusi na weupe waliketi meza moja, wakala chungu kimoja, wakapanga mikakati ya kuuondoa ubaguzi. Wakili A.P. Tureaud alifika hapo. Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1967 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, alifika. Ernest Morial, ambaye mwaka 1978 alikuwa meya wa kwanza mweusi wa New Orleans, alifika. Martin Luther King naye alipata kula hapo. Yasemekana polisi hawakuthubutu kuvamia, kwa maana nyumba hiyo ilipendwa mno, na kuivamia kungeuamsha mtaa mzima.

Bibi Leah alipokuwa mzee alipenda kusema kwamba katika chumba hicho waliubadilisha mwendo wa Marekani kwa bakuli la gumbo na kuku wa kukaanga. Ni maneno ya mpishi, na mpishi huwa na haki ya kukisifia chungu chake. Lakini hebu tumtazame mfanyakazi mmoja wa nyumba hiyo, tuone kama alisema uongo.

MAMA WA BAA NA BINTI YAKE

Katika baa ya Dooky Chase's alifanya kazi mwanamke aitwaye Virgie Castle. Mchana na usiku aliwamiminia watu vinywaji. Binti yake Oretha, aliyezaliwa mwaka 1939, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu.

Tarehe 17 Septemba, 1960, Oretha na wenzake watatu, Rudy Lombard, Cecil Carter na Mzungu mmoja aitwaye Sydney Goldfinch, waliingia katika duka la McCrory katika barabara ya Canal. Waliketi katika sehemu ya chakula iliyotengwa kwa Wazungu, wakaomba kuhudumiwa. Hawakupiga kelele, hawakuvunja kikombe. Walikamatwa, wakahukumiwa kifungo cha siku 60 na faini ya dola 350 kila mmoja. Shauri lao likapanda mahakama hadi mahakama. Tarehe 20 Mei, 1963, Mahakama Kuu ya nchi iliifuta hukumu hiyo, ikieleza kwamba meya na mkuu wa polisi, kwa kutangaza hadharani kuwa vitendo vya namna hiyo havitaruhusiwa, walikuwa wameutumia mkono wa serikali kuulazimisha ubaguzi. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1964, sheria ya haki za raia ilifungua meza za hoteli kote Marekani.

Nyumba ya Mama Virgie, isiyo mbali na hoteli alimofanya kazi, iligeuka kituo cha vijana hao. Mwaka 1961, wasafiri wa uhuru waliopanda mabasi kwenda kuuvunja ubaguzi katika vituo vya usafiri vya kusini walilala humo, sakafuni na popote palipopatikana, wakala na kufundishwa jinsi ya kuvumilia kipigo bila kurudisha. Watu waliiita Nyumba ya Uhuru. Ni rahisi kuona jambo moja: mama huyo angekuwa mtumishi katika nyumba ya Mzungu, siku ya pili baada ya binti yake kukamatwa huenda angeambiwa asirudi tena kazini. Waajiri wake walikuwa akina Chase. Alirudi kazini.

Hili nalo ni jambo la kulitia moyoni. Pengine mchango mkubwa kabisa ambao mwenye hoteli aweza kuutoa kwa umma ni kutomfukuza mfanyakazi wake anaposimama upande wa haki.

Na yule kijana Rudy Lombard? Miaka 18 baada ya kukamatwa kwa kosa la kuomba chakula, alishirikiana na mpishi Nathaniel Burton kutoa kitabu kiitwacho Creole Feast. Ndani yake wapishi weusi wa New Orleans walieleza maisha yao na siri za mapishi yao. Wengi wao waliziendesha jiko za hoteli mashuhuri kwa miaka mingi huku sifa zikienda kwa majina yaliyoandikwa mlangoni. Lombard alitaka majina ya wapishi wenyewe yaandikwe, nayo yakaandikwa.

MAJI YALIPOINGIA

Tarehe 29 Agosti, 2005, kimbunga Katrina kilipiga. Kingo za kuzuia maji zilibomoka, na takribani sehemu nne kwa tano za mji zikafunikwa na maji. Zaidi ya watu elfu moja walipoteza maisha. Maji yakaingia Dooky Chase's. Mjukuu mmoja aliwahi kuziokoa zile picha za ukutani na kuziweka mahali pa salama. Viti, majiko na sakafu viliharibika.

Bibi Leah alikuwa amevuka umri wa miaka 80. Yeye na mumewe waliishi katika nyumba ndogo ya magurudumu iliyotolewa na serikali, ng'ambo ya barabara, wakiitazama hoteli yao iliyojaa ukungu. Ndipo deni la miaka mingi likaanza kulipwa. Siku ya Alhamisi Kuu ya mwaka 2006 wenye hoteli wengine wa New Orleans waliandaa karamu ya kumchangia. Walipika gumbo ya mboga za majani, ambayo kila mwaka siku hiyo hupikwa kwa Dooky Chase's. Wageni waliolipa kuanzia dola 75 hadi 500 wakala gumbo yapata lita 190. Zilipatikana dola 40,000. Mwaka 2007 milango ikafunguliwa tena.

Gumbo hiyo ya Alhamisi Kuu ina desturi yake. Mboga zake ni lazima ziwe za hesabu ya witiri: saba, tisa au kumi na moja. Bibi Leah alitumia tisa, na wenyeji husema kwamba kila aina ya jani uliyoila itakupatia rafiki mpya mwaka huo. Na ukibahatika kuketi pale, onja kwanza kabla ya kutia pilipili! Barack Obama, alipokuwa akigombea urais, alitia pilipili katika gumbo kabla ya kuonja, na bibi huyo akamkemea kama anavyokemewa mjukuu.

Watoto wenu nao pengine wamemwona bila kujua. Katika filamu ya katuni iliyotolewa na Disney mwaka 2009, binti wa kifalme Tiana ni mhudumu wa hoteli huko New Orleans mwenye ndoto ya kufungua hoteli yake mwenyewe. Watengenezaji walichota kutoka katika maisha ya Leah Chase. Mumewe alifariki mwaka 2016. Yeye alifuata tarehe 1 Juni, 2019, akiwa na umri wa miaka 96. Mwaka 2013 familia ilikuwa imeanzisha mfuko wa kusaidia elimu, sanaa, mapishi na haki za jamii, na wajukuu wakaendelea kushika mwiko.

BARABARA YENYE JINA LA BINTI

Kabla hatujaagana, tuvuke hadi upande mwingine wa mji, sehemu iitwayo Central City. Hapo ipo barabara ambayo zamani iliitwa Dryades. Ilikuwa barabara ya maduka, na wateja wake wengi walikuwa watu weusi. Lakini mtu mweusi aliweza kununua kiatu humo. Kukiuza kama karani wa duka hakuweza. Kazi alizopewa zilikuwa za kufagia na kubeba. Mwaka 1960 wananchi waliyagomea maduka hayo wakidai ajira, na miongoni mwa waliobeba mabango alikuwamo Oretha Castle. Alifariki mwaka 1987, na miaka miwili baadaye sehemu ya barabara hiyo ikapewa jina lake la ndoa: Oretha Castle Haley.

Katika barabara hiyo hiyo, mwaka 2000, ilifunguliwa hoteli iitwayo Café Reconcile, maana yake mkahawa wa upatanisho. Mwanzilishi mmojawapo alikuwa padre wa Shirika la Wajesuiti, Harry Tompson. Maduka mengi ya hapo yalikuwa yamekwisha fungwa, na vijana wengi hawakuwa na kazi wala shule. Hoteli hiyo iliundwa kuwa darasa. Vijana wa miaka 16 hadi 24, wengine waliokatisha masomo, wengine waliowahi kuwa mikononi mwa sheria, wengine wasio na mahali pa kulala, hupokelewa na kufundishwa. Huanza na mambo ya maisha: kufika kwa wakati, kuzungumza na mtu asiyemjua, kumaliza ugomvi bila ngumi. Kisha huzungushwa katika kila kazi ya hoteli, kuanzia kufuta meza hadi kusimama mbele ya jiko. Mwishowe hutafutiwa nafasi ya kujizoeza katika hoteli nyingine za mji. Zaidi ya vijana elfu moja wamepita katika mikono ya walimu hao.

Wanaokuja kula mchana ni watu wa kila namna, makarani kwa mawakili, na wanayemsubiri alete samaki wa kukaanga ni kijana ambaye, lau wangekutana naye njiani usiku, pengine wangevuka barabara. Kwa dakika arobaini wanamwona akifanya kazi yake vizuri. Naye anajiona akionwa hivyo.

Hata hivyo, tusipambe mambo. Kazi ya hoteli katika Marekani ni kazi ya jasho na ya malipo madogo. Kwa sheria ya taifa, mhudumu anayepokea bakshishi aweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu mwaka 1991. Kilichobaki hutegemea ukarimu wa mlaji, na mwajiri hutakiwa kuziba pengo pale bakshishi isipofikisha dola 7.25 kwa saa. Mafunzo humfungulia kijana mlango. Ujira wa haki ndio utakaomwezesha kukaa ndani bila kutazama saa ya kodi ya nyumba. Hoteli zenye moyo mwema hazitoshi peke yake, na wale vijana wa mwaka 1960 walilijua hilo: walikula kwa akina Chase, kisha wakaenda mahakamani.

TUNAPORUDI NYUMBANI

Basi, ndugu msomaji, wewe unayekula mchana kwa mama lishe karibu na kiwanda, bandari au ofisi, safari hii inakuhusu. Yule anayekupakulia wali maharage huenda ni mwimbaji wa kwaya, huenda ni kocha wa timu ya watoto wa mtaani kwake, huenda anamsomesha binti atakayekuja kubadili sheria. Wateja wa baa ya Orleans walimjua Virgie kama mwanamke wa kuwapa vinywaji. Wachache walijua ni wageni wangapi waliolala sakafuni kwake usiku huo.

Na wewe mwenye hoteli, kubwa au ya mabati, huna haja ya kungoja utajiri ndipo uwafae jirani zako. Mzee Chase alianza na mikate na tiketi za bahati nasibu. Mtazame tu anayeingia mlangoni, ujiulize ni kitu gani, mbali na chakula, ambacho amekikosa kwingine.

Kesho saa ya mapumziko itakapofika, kabla hujalipa, muulize mhudumu wako jina lake, na akishamaliza kazi jioni huwa anafanya nini. Kisha mpe nafasi akujibu.